Aliyeombwa Abaki Mara Moja Tu

Tarehe 29 Esfand, siku ya mwisho ya mwaka wetu, Bwana Nosratollah Cheraghi, bawabu mkuu wa Bustani ya Sepidar hapa Hamadan, anarudisha funguo za lango baada ya miaka thelathini ya utumishi. Kesho yake ni Nowruz. Sisi wengine tutaamka na meza zetu za sikukuu, bakuli la samaki wekundu na sahani ya ngano iliyochipua. Yeye ataamka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hatakuwa na lango la kufungua.

Mhandisi Vosughi, mkurugenzi wetu, ndiye aliyeniagiza niandike wasifu huu kwa ajili ya hafla. Alitaka uwe mfupi, uwe mchangamfu, na usiwe na malalamiko. Ufupi umenishinda. Uchangamfu sikosi, maana nimeolewa majira haya haya ya baridi, na tangu siku ile kila ninachokigusa kinanukia maji ya waridi. Hata mhuri wa ofisi naugonga kwa mapenzi. Hilo la tatu tutaliona mbele ya safari.

Ami Nosrat, kama tunavyomwita sote, wadogo kwa wakubwa, alianza kazi akivuta mipira ya maji. Wakati huo miti hii ya sepidari tunayojivunia ilikuwa vijiti vilivyofungwa kwenye nguzo, na mtu aliweza kusimama langoni akaona hadi ukuta wa nyuma. Leo ukisimama hapo huoni ukuta, unaona vigogo vyeupe, safu kwa safu, kama watu waliosimama kusubiri mkate. Kila mti uliopo upande wa kaskazini amewahi kuunywesha kwa mkono wake. Goti lake lilipoharibika kwa kupiga magoti kwenye tope, akahamishiwa langoni.

Na langoni palikuwa na ubao.

Ulikuwa ubao mweusi wa kawaida, wa matangazo. Majira ya baridi ya kwanza, theluji ilianguka usiku kucha, na mkurugenzi wa zamani akamwambia Ami Nosrat aandike kwamba njia inateleza. Aliandika hivi:

Theluji imeingia bila kupiga hodi,
imekalia benchi langu, nisimame sina budi.

Chini yake, kwa herufi ndogo: "Njia inateleza." Watu walisimama kusoma, na waliposimama wakaiona barafu, na hakuna aliyeanguka asubuhi ile. Mkurugenzi wa zamani alikuja na koti lake kubwa, akasoma, akacheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Akasema, "Nosrat, lango ni la serikali, lakini ubao ni wako." Aliyasema mbele ya watu, na watu hao baadhi yao bado wapo ofisini. Nayaandika hapa kwa sababu maneno kama hayo hayakuwahi kupigwa mhuri.

Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi, kabla juma halijaanza vizuri, palikuwa na mistari miwili mipya kwa chaki. Ami Nosrat alijiwekea sharti moja, na hakulivunja hata siku moja: haandiki kitu ambacho hakukiona kwa macho yake juma hilo, njiani, akitoka nyumbani kuja kazini. Njia yenyewe si ndefu. Anatoka kichochoroni kwake, anapita tanuri la mkate wa sangak, anafuata mfereji wa maji ya mlimani, anakata nyuma ya shule ya wasichana, anatokea kwetu. Wewe na mimi tungepita hapo tukafikiria bei ya nyama. Yeye alifika na kunguru aliyekuwa akilowesha mkate mkavu mferejini. Alifika na wachuuzi wa matunda ya jozi ambao maganda mabichi yamewatia wino mikononi mpaka wanaona haya kupeana mkono. Alifika na mwanamke aliyekuwa akifagia maua ya mti wa jirani kutoka kwenye ngazi yake huku akigombana nao kama wageni waliokaa mno.

Nilipoajiriwa mapokezi nilimwuliza siri yake. Nilitarajia aniambie jambo la kupendeza, nikalitarizi kwenye kitambaa.

"Goti," alisema.

"Goti, ami?"

"Ninalo goti bovu, binti yangu. Likiuma nasimama. Nikisimama naona. Ningekuwa na magoti mawili mazima ningekuwa mjinga hadi leo."

Mwaka alioteleza kwenye ngazi ya kwake akafungwa plasta mguuni, tulidhani atatunga akiwa kitandani. Mashdi Qorban, mpishi wetu wa chai, alikwenda kumtazama, akamsimulia kila kitu alichokiona njiani, mawingu, paka, gari la zimamoto, ili apate cha kuandika. Ami Nosrat alimsikiliza vizuri, akamshukuru, kisha akampa karatasi akainakili ubaoni. Ilisema: "Juma hili sijaenda popote. Angalieni wenyewe." Mji mzima uliangalia. Nakumbuka watu walifika langoni wakibishana walichokiona, na wengine walianza kumwachia Qorban taarifa kama kituo cha polisi.

Aliyewahi kumlalamikia ni mmoja tu, Bibi Tuba, anayeuza bitiruti za moto nje ya lango miezi ya baridi.

"Miaka yote jani, jani, jani!" alimfokea siku moja mvuke wa sufuria ukimzunguka kichwa. "Theluji umeiandika, kunguru umemwandika. Bitiruti zangu hazina damu?"

"Bitiruti zako nazila, dada Tuba. Kinachoingia tumboni hakifiki ubaoni."

"Basi kesho nakunyima, tuone."

Akamnyima kweli. Jumamosi iliyofuata bitiruti zilikuwa ubaoni, nyekundu kuliko jua la magharibi, na Bibi Tuba aliuza sufuria nzima kabla ya adhuhuri. Jioni alimpelekea iliyo kubwa kuliko zote, kwenye karatasi, bila kusema neno.

Mimi mwenyewe nina deni langu kwake. Si deni la fedha; la fedha ningelilipa. Msimu wa majani kuanguka, mwaka juzi, ubao ulisema:

Jani limeanguka begani mwa mpita njia,
hakuliona, limepata safari bila kulipia.

Asubuhi hiyo mwanamume mmoja alisimama mbele ya ubao akiwa na sanduku la vifaa mkononi, akasoma, akatabasamu peke yake. Na jani lilikuwa begani mwake. La njano, kubwa, limekaa kama mtu aliyelipia tikiti. Nilikuwa napita na bilauri za chai. Sikujizuia, nikamwambia, "Kaka, una abiria."

Aligeuza kichwa, akaliona, akacheka kicheko ambacho nakisikia hadi sasa kila jioni mlangoni kwangu. Anaitwa Kiumars, ni fundi wa hita za gesi, na mwezi wa Dey tulifunga ndoa. Ami Nosrat alihudhuria akiwa na koti la kahawia na funguo za bustani mfukoni. Alirudi kwake kwa miguu. Jumamosi nikakuta haya ubaoni, nikalia kwenye mitandio miwili, wangu na wa mama mkwe:

Gari la arusi limepita, ua likaanguka njiani;
nimeliokota, sijui nilirudishe kwa nani.

Nasema haya ili msomaji ajue ubao ule haukuwa pambo. Kuna nyumba zimejengwa juu yake.

Sasa nieleze kuhusu chai, maana kila kitu kimetokea kwenye chai. Wote tunaofanya kazi hapa tunaijua sauti ya asubuhi. Qorban anaingia na sinia, anafika kwa Ami Nosrat.

"Chai, ami."

"Usijisumbue, Mashdi."

"Chukua, bwana."

"La, la, nimekunywa nyumbani, wallahi."

"Haya, ya tatu hii, chukua haraka, inapoa."

Ndipo Ami Nosrat anachukua bilauri, anaweka donge la sukari kati ya meno yake ya mbele, anakunywa kwa raha ya mtu aliyekuwa na kiu tangu alfajiri. Sisi sote tuko hivyo. Nani kati yetu ameingia nyumba ya watu akakubali chakula alipoambiwa mara ya kwanza? Mtoto asiyejua kukataa mara mbili hupigwa jicho na mama yake mpaka usiku. Mchumba wangu alipoambiwa na baba, "Karibu, nyumba ni yako," alisimama kizingitini akikataa mpaka nikaogopa atakwenda zake kweli. Hakwenda. Alijua ataombwa tena, na baba alijua kwamba anajua. Hivyo ndivyo tunavyoheshimiana.

Mhandisi Vosughi naye ni mtoto wa mji huu. Siku alipoingia ofisini kwetu, majira ya joto yaliyopita, tulimkaribisha akae juu, mbali na mlango, mahali pa mkubwa. Alikataa. Tukamsihi, akasema pale karibu na mlango panamtosha. Tukamsihi tena, na mara ya tatu akaweka mkono kifuani, akapanda, akaketi. Alifanya vizuri sana, na Qorban alimsifia jikoni. Alisema, "Amelelewa huyu."

Basi mwanzoni mwa Esfand, theluji ikiyeyuka na bustani nzima ikiwa tope, kulikuwa na kikao. Wote tulikuwepo. Siku chache kabla, Ami Nosrat alikuwa ameniambia, huku akipangusa chaki kwenye suruali, kwamba pensheni haimsumbui, na kwamba wengine wakichukua lango ni sawa, goti limechoka. Alichokuwa akikitamani ni ubao. Angekuja asubuhi kama kawaida, angeandika, angerudi nyumbani. "Mwaka mmoja tu," alisema. "Nikikosa pa kufika, kutembea kwenyewe kutakuwa kuzurura."

Kikaoni Mhandisi Vosughi alifunua faili lake, akasema vizuri, kwa sauti nzuri, "Ami Nosrat, muda wako unaisha mwisho wa mwezi. Lakini ukipenda unaweza kubaki na ubao wako mwaka mmoja kwa mkataba mdogo. Unasemaje?"

Mioyo yetu iliruka. Ami Nosrat alisimama, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kama ilivyo adabu. "Mungu akuzidishie, Mhandisi. Sitaki kuwa mzigo kwa ofisi. Vijana wapo."

Mhandisi Vosughi akafunga faili.

"Vizuri," alisema. "Tunaheshimu uamuzi wako. Tuje kwenye suala la mapipa ya taka."

Ami Nosrat alikuwa bado amesimama. Mkono ulikuwa bado kifuani. Alingoja kidogo, kama mtu anayesubiri mlango ambao umefungwa na upepo, kisha akaketi polepole kwa sababu ya goti.

Aliyesema ni Qorban, akiwa na sinia mkononi. "Mhandisi, hujamwomba."

"Nimemwomba, kila mtu amesikia."

"Umemwomba mara moja."

"Qorban, chai."

Qorban akagawa chai. Ami Nosrat alikataa bilauri yake mara ya kwanza, akakataa mara ya pili, na Qorban alipomwomba mara ya tatu, akakataa tena. Hatukuwahi kuliona hilo katika miaka yake yote.

Sitaandika kwamba Mhandisi Vosughi hakujua. Mtu aliyengoja kuombwa kiti mara tatu anajua kuhesabu hadi tatu. Baada ya siku chache mafundi walikuja na skrini, na skrini haifungwi siku ambayo mtu ameamua, iliagizwa zamani. Swali la kikaoni liliulizwa ili jibu la adabu lipatikane, na jibu la adabu likapatikana, na sasa limo katika kumbukumbu za kikao kwamba mhusika hakutaka kuendelea. Ametolewa kwa kutumia malezi yake mwenyewe. Nimelitafuta neno tamu zaidi la kulieleza hili, mimi ambaye siku hizi sikosi maneno matamu, na sikulipata.

Skrini ipo langoni, mmeiona. Inaonyesha saa, nyuzi za baridi, na tangazo la duka la mapazia. Bibi Tuba aliitazama siku ya kwanza huku amejifunika blanketi hadi puani. "Inaniambia ni baridi," alisema. "Inaniambia mimi! Nimesimama hapa tangu alfajiri!"

Ubao uko kwenye ghala la mbolea, umegeuzwa uso kwenye ukuta. Niliingia kuuona. Mistari ya mwisho bado iko juu yake, ya Jumamosi ile ya kabla ya kikao, alipokuja kazini kwa njia iliyogeuka tope kwa theluji iliyoyeyuka:

Tope likikushika kiatu, usilione adui;
ardhi imeikumbuka miguu yako, wewe tu hujui.

Mimi na mume wangu tuliomba tuuchukue, hata kwa kuununua. Tulijibiwa kwamba ni mali ya ofisi.

Tangu skrini ifungwe, Ami Nosrat ameendelea kufungua lango kila asubuhi kwa wakati wake, hajachelewa, hajanuna. Anasalimia wazee wa chesi, anawaonya watoto wa bembea. Lakini hasemi alichokiona njiani. Juzi nilimkuta amesimama mbele ya skrini, mkono mfukoni, na ndani ya mfuko niliona vidole vikigeuza kitu. Ilikuwa chaki; mfuko mzima ulikuwa mweupe. Aliniona nikitazama. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja hali ya hewa, "Binti yangu, nilidhani atauliza tena."

Ni hayo tu aliyoyasema kuhusu jambo hili, na kwangu mimi yanatosha.

Leo katika hafla hii atakabidhiwa cheti chenye fremu na saa ya ukutani. Mtu umemwondolea pa kwenda asubuhi, halafu unampa saa. Aichukue hata hivyo, na tunajua ataikataa mara mbili kwanza. Tafadhali, anayekabidhi asiirudishe mezani.

Kwa niaba ya wafanyakazi wa Bustani ya Sepidar nakushukuru, Ami Nosrat. Kwa miti ya kaskazini. Kwa watu ambao hawakuanguka kwenye barafu. Kwa kumfanya Bibi Tuba akae kimya jioni moja. Kwa jani. Tulikuwa watu wa kupita tu katika mji wetu wenyewe, tukiangalia viatu, nawe ulitusimamisha kila Jumamosi.

Lakini kuna jambo halijakamilika, na adabu zetu haziruhusu liachwe hivyo. Mtu haondoki nyumbani kwa watu akiwa ameombwa abaki mara moja.

Basi mara ya pili ni hii, na tunakuomba sisi wote, Qorban na sinia lake, watunza maua, mafundi wa pampu, mimi wa mapokezi: baki. Tunajua hatuna mamlaka. Tunajua skrini imefungwa kwa boliti. Tunakuomba mbele ya Mhandisi na mbele ya wageni, ili iandikwe mahali fulani kwamba uliombwa tena. Kataa, kama unavyopaswa kukataa. Tutakungoja.

Na ya tatu ni ya nyumba yetu. Tunakaa nyuma ya shule ya wasichana, unapokatia kona kila siku, na mlango wetu wa chuma unatazama njia. Kiumars ameupaka rangi nyeusi, ile ya kupakia majiko, tabaka juu ya tabaka, na amenuka rangi siku nyingi, nami nimemsamehe kwa sababu ni mzuri. Mlango si bustani. Watoto wa bembea hawapiti hapo, na wazee wa chesi itabidi waufuate. Lakini chaki inaandika juu yake, nimejaribu, niliandika jina la mume wangu nikalifuta kabla jirani hajaliona.

Tunakutakia asubuhi nyingi na goti lenye kuuma kiasi cha kukusimamisha tu. Kopo la chaki liko juu ya kisanduku cha mita ya gesi, upande wa kulia. Baki, ami. Ukikataa na hii, ndipo tutaamini kwamba umekataa.

Mahnush Golkar,
Mapokezi, Bustani ya Sepidar